Ufa Ulionyooka

Njia nzima, tangu alipopanda ile treni ya kuning'inia juu ya mto mpaka aliposhuka Barmen, mtaa wa wasukaji huko Ujerumani, Hedda Lohmann alijiapiza kwamba hatatia kitu mdomoni kabla hajauliza swali lake. Sasa mtazame! Keki ya pili imo sahanini, cheri za moto zinachuruzika pembeni, na swali bado limemkaa kooni.

"Kula, binti," alisema Bi Gudrun Hasenkamp, mama yake Tilman, akimsogezea bakuli la wali wa maziwa. "Umekonda mpaka shingo inaonekana kama kamba. Huko kwenye taasisi yenu hawapiki?"

"Wanapika, Mama."

"Basi hawajui kupika."

Katikati ya meza lilikaa birika la bati la miguu mitatu, lile ambalo nyumba zote za huko huliita Mina kama vile ni shangazi wa ukoo, likidondosha kahawa tone kwa tone. Siku nyingine Tilman angesema Mina kashikwa na mafua, na mamake angemchapa na kitambaa cha vyombo. Leo hakusema. Alikuwa akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari, akakoroga, akakoroga, mpaka Hedda akatamani kumnyang'anya kijiko.

Alimpenda mwanamume huyu. Hilo tuliseme mapema ili tusizungushane. Alipenda mikono yake mirefu, alipenda anavyoinamisha kichwa akisikiliza mashine kama mtu anayesikiliza siri. Na leo alikuja na kipande cha chuma kilichofungwa kwenye leso ndani ya mkoba, kuja kumuuliza mwanamume huyo huyo kama ndiye aliyemwangamiza.

Walikutana kwa ajili ya waya. Hedda na wenzake wanafanya kazi ya mitambo ile inayotaka kuwasha jua dogo ndani ya chungu, watu wapate umeme. Chungu chenyewe lazima kivumilie moto usioelezeka, na chuma kinachouvumilia ni tungsteni. Lakini tungsteni ina aibu yake: ni ngumu, halafu inavunjika kama sahani. Dawa yake ni kuipachika nyuzi za tungsteni hiyo hiyo ndani, nyembamba kuliko unywele, zilizosukwa. Kila karakana aliyoiendea Hedda ilizikata zile nyuzi. Mwishowe akaelekezwa Barmen, kwa akina Hasenkamp, wasukaji wa kamba za viatu na riboni tangu enzi za babu wa babu yao. Tilman akazipitisha nyuzi vidoleni, akauliza, "Hizi za nini?" Hedda akajibu, "Za jua." Tilman akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili kumtazama mteja. Ikawa ndio hivyo tena.

"Nakwenda kupasha cheri," alisema Bi Gudrun, akainuka na sufuria. Alipofika mlangoni akageuka. "Nyie mmegombana?"

"Hapana, Mama," walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Mm. Haya."

Akaingia jikoni. Hedda akafungua mkoba, akaitoa leso, akaikunjua mezani kati ya vikombe.

"Kiangalie."

Tilman alikiangalia kile kipande cha bamba la majaribio bila kukigusa.

"Unaona ufa ulivyopita?" Hedda aliongea chini chini. "Umenyooka kama umepigiwa rula. Bamba zuri halipasuki hivi. Bamba zuri likipasuka, ufa unahangaika, unakwenda huku unarudi kule, nyuzi zinachomoka moja moja kama ufagio, na bamba linabaki limeshikana. Hili lilisema pa! mara moja, likawa vipande viwili. Mbele ya wakubwa wangu wote, Tilman."

"Uliniambia."

"Nilikuambia nikilia. Nilikuambia huenda nilisahau kuzipaka nyuzi ule utando mweupe. Wiki tatu silali! Nawaza, hivi mimi ni mtu wa kusahau kitu kama kile? Halafu juzi nikachukua kipande cha msuko kilichobaki, nikakiweka kwenye hadubini." Akakisogeza kile kipande karibu naye. "Utando haupo. Nyuzi zinang'aa. Na mimi sikuzitoa mkononi mwangu zikiwa zinang'aa. Zilitoka kwangu zimefifia, zikaja hapa, zikarudi zinang'aa."

Kijiko cha Tilman kilisimama.

"Nani alizigusa?" Hedda aliuliza.

Basi likawa limetoka. Na Hedda alijua kilichokuwa nyuma ya swali lile. Bamba lingefaulu, angekwenda kusini mwa Ufaransa, kule unakojengwa ule mtambo mkubwa wa kuwasha jua dogo, akae miaka. Tangu siku alipomwambia Tilman habari hiyo, jibu la Tilman lilikuwa neno moja tu: "Tutaona." Baba yake Hedda, ambaye hajawahi kuficha kwamba binti yake hakusomea udaktari wa metali ili aolewe na msuka kamba za viatu, aliposikia juu ya lile bamba alicheka kwa pua. "Muulize mchumba wako," alisema. "Anayefaidika ni nani?" Hedda alimkatia simu. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea.

"Ni mimi," alisema Tilman.

Hedda alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Ni mimi nilizigusa."

Njiani alikuwa amejiandaa kwa kila namna: atakana, atakasirika, ataapa. Hakujiandaa kwa hili. Na cha ajabu, alipolipata jibu alilokuwa akiliogopa, moyo wake ulikataa kuliamini.

"Ulizifanyaje?"

"Nilizisafisha."

"Kwa nini?"

"Sijui. Zilionekana chafu."

"Tilman, wewe? Wewe uliyenikumbusha nivae glovu? Ulizisafisha na nini?"

Tilman alitazama dirishani. "Na sabuni."

"Sabuni haiondoi utando ule."

"Basi nilisugua sana."

"Ungesugua, nyuzi zingekatika! Nitazame. Nitazame usoni uniambie." Hakumtazama. Masikio yake yalikuwa mekundu, na Hedda alimjua vya kutosha kujua kwamba masikio yale huwa mekundu akidanganya. Sasa anadanganya nini? Mtu anayekiri kosa anadanganya kitu gani? "Mungu wangu," alisema Hedda, "mbona sikuelewi? Ulitaka nisiende? Sema ndiyo. Sema hapana. Sema lolote mradi liwe neno zima!"

"Kulikoni huku?" Bi Gudrun alikuwa amesimama mlangoni, sufuria ya cheri mkononi. Macho yake yalitua kwenye leso. "Hicho nini? Ndiyo zile nyuzi zetu?"

"Mama, rudi jikoni," alisema Tilman.

"Kwangu huniambii rudi jikoni." Aliweka sufuria mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, na uso wake ukachanua. "Nilikuwa nasubiri nione kama kuna atakayeniambia hata asante. Umeziona zilivyotakata, Hedda? Tilman alizitoa kwenye mashine zimepauka kama majivu, nikasema hapana. Katika nyumba hii hatujawahi kumpelekea mteja msuko mchafu, seuze mke wa mwanangu. Nikaziloweka kwenye siki. Siki kali ile, ninayosafishia birika la Mina. Nikaipasha moto na kuziacha mpaka asubuhi. Weee! Ziling'aa utadhani za bibi harusi."

Mina ilidondosha tone moja, kisha jingine.

Hedda alimtazama Bi Gudrun, akamtazama Tilman, akarudi kwa Bi Gudrun. Alitaka kucheka, na alitaka kulala chini sakafuni alie. Wasukaji wa Barmen! Mtu mwingine yeyote duniani angeziacha vile alivyozikuta.

"Mama," alisema polepole, "ule haukuwa uchafu."

"Ulikuwa nini?"

"Mimi ndiye niliyeupaka. Ndiyo kazi yangu yenyewe. Ule weupe unakaa kati ya uzi na chuma ili visishikane sana. Bamba likipata ufa, uzi unateleza kidogo, unauchosha ule ufa, ufa unaishia njiani. Ukiutoa weupe, uzi na chuma vinakuwa mwili mmoja. Ufa ukija, unapita navyo vyote."

Bi Gudrun aliketi. Mikono yake, ambayo haijui kukaa bure, ilijishika mapajani.

"Miaka yote hii mimi nadhani kitu kikishikana ndio kinadumu," alisema. "Basi nimekuharibia kazi."

"Hukujua, Mama."

"Nimekuharibia. Na bado unanilia keki zangu." Aligeuka kwa mwanawe kwa ukali. "Na wewe? Ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo Hedda alipoamka. Kwa muda ule wote alikuwa akisikia nafuu, nafuu tamu: si yeye, ni mama, ni siki, si yeye! Lakini swali la Bi Gudrun lilimwonyesha kilichokuwa kimekaa pale pale mbele ya macho yake.

"Ulijua," alimwambia Tilman. "Tangu lini?"

"Hedda..."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponipigia ukilia. Niliposikia ufa ulinyooka, niliwaza, nikamuuliza Mama kama alizigusa. Nikajua."

"Wiki tatu unanisikiliza nikijitukana. Wiki tatu nakuambia mimi ni mzembe, mimi sifai, na wewe unasema pole. Pole!"

"Ningesemaje? Ningesema mama yangu ndiye..."

"Usinisingizie mimi!" Bi Gudrun alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mimi nina mdomo wangu. Ungeniambia ningekwenda mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye taasisi yao nikawaambie mzee mjinga kaloweka nyuzi. Si kwa ajili yangu ulinyamaza. Nimekuzaa, nakujua. Sema ukweli wako."

Tilman aliweka viganja vyote viwili mezani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba.

"Nilifurahi," alisema.

"Ulifanya nini?" Hedda aliuliza.

"Nilifurahi. Ulikuwa unalia kwenye simu na mimi nikafurahi, kwa sababu ungebaki. Siku moja tu, Hedda, pengine mbili. Halafu nikajichukia. Lakini nikiwa nishafurahi, ningekuambiaje? Ulipouliza leo nikasema ni mimi, kwa kuwa naona ni mimi kweli. Mama alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua."

Mapenzi haya, jamani! Hedda angeweza kuelewa hasira. Angeweza hata kuelewa hila, kwa sababu hila unaiita hila, unafunga mlango, unaondoka. Lakini mtu anayekufurahia ukiumia kwa kuwa anakutaka karibu, huyo unamweka fungu gani? Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia kichwa. Aliokota leso yake na chuma chake, akasukuma kiti, akateremka ngazi bila kuaga.

Ngazi za nyumba ile zinapita karakanani. Hakuna njia nyingine ya kutokea. Mashine za kusuka zilisimama kimya kwa safu, vibiringo vyake vilivyozungushiwa nyuzi nyekundu na buluu za riboni vimeganda katikati ya mchezo. Kwenye mashine ya mwisho, ile waliyoitengenezea waya, palikuwa na sanduku lenye mwandiko wa Hedda mwenyewe. Akasimama. Vibiringo vya waya mle ndani vilikuwa vimejaa, vimefifia, weupe wake wote upo.

Alisikia hatua nyuma yake. Alizijua hatua zile.

"Usinishike," alisema.

"Sikushiki."

"Hizi je?"

"Hazijaguswa. Kazi ilisimama baada ya lile bamba, sikuzisuka. Nimemkataza Mama hata kuzifuta vumbi."

Hedda alipitisha kidole juu ya kibiringo. Watu wa ule mtambo wa Ufaransa wangekuja mwisho wa mwezi kuangalia bamba kwa macho yao. Kutengeneza bamba ni kazi ya siku nyingi, na kila siku iliyopotea ilikuwa imepotea kweli. "Zingesukwa leo, ningewahi," alisema, kama anayejisemea.

"Ungewahi."

"Unazisuka?"

"Nazisuka."

"Unajua zikifaulu nitaondoka?"

"Najua."

Alisema hivyo tu, akavua koti lake la Jumapili, akalitundika kwenye msumari, akaanza kupachika vibiringo kimoja kimoja kwa ile mikono mirefu. Na Hedda, aliyeshuka ngazi akitaka kuwa mbali na mtu huyu kadiri inavyowezekana, akajikuta anakasirika upya kwa jambo lililo kinyume kabisa. Anakubali tu? Hivi hivi? Anamsukia njia ya kuondokea na wala hapepesi jicho?

"Huniombi hata nibaki?"

Tilman aligeuka, kibiringo mkononi. "Nilikuomba kwa kunyamaza. Umeona kilichotokea."

"Basi niombe kwa mdomo. Mara moja. Nina haki ya kusikia."

Alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama sawasawa, na Hedda akaona macho yake yamejaa.

"Usiende," alisema Tilman. "Baki hapa na mimi. Sitaki uende Ufaransa, sitaki uende hata Düsseldorf hapo jirani. Nakupenda mpaka najiona mshenzi. Usiende, Hedda."

Hedda alikuwa amelitaka neno lile kuliko alivyojua, na lilipokuja halikumgeuza.

"Nitakwenda," alisema.

"Najua."

"Na sijakusamehe."

"Hilo pia najua. Nilitaka tu niwe nimesema."

Akabonyeza swichi. Mashine ikashtuka, ikakohoa, halafu vibiringo vikaanza kukimbizana kwa kelele zao, vikipishana kulia na kushoto, na kule juu msuko ukaanza kupanda, wa kijivu, uliofifia, mzuri. Haikupita dakika, dirisha la ng'ambo ya ua likafunguliwa kwa kishindo.

"Hasenkamp!" Ilikuwa sauti ya jirani, Bwana Krupka. "Leo Jumapili! Mmeingiwa na wazimu? Zima hiyo kitu au naita polisi!"

Barmen utasamehewa ulevi, utasamehewa hata talaka mbili. Kelele za mashine siku ya Jumapili husamehewi. Mkono wa Tilman ulirudi kwenye swichi wenyewe, kwa mazoea ya tangu utotoni, na ukabaki pale, na Hedda akaona kwamba sekunde ile ikipita haitarudi. Hakujua kama amesamehe. Hakujua kama angesamehe mwakani. Alijua kwamba mtu aliyesema "usiende" huku anakusukia nyuzi hapatikani kila mtaa.

"Twende wote!" alipiga kelele juu ya kelele.

"Nini?"

"Nimesema twende wote! Hukuniuliza, wala mimi sikukuuliza, tumekaa tu kama mabubu! Sasa nakuuliza!"

Tilman alitazama safu ya mashine, moja baada ya nyingine, mpaka ile kuukuu iliyo karibu na mlango.

"Na hizi?" alisema. "Hizi ataziendesha nani?"

"Kwani kabla hujazaliwa alikuwa anaziendesha nani?"

Aliyesema ni Bi Gudrun, amesimama kwenye ngazi na aproni yake, macho mekundu, mkono mmoja kiunoni. Hakungoja jibu. Aliwapita wote wawili kama vile ni magunia, akaenda moja kwa moja dirishani, akalifungua mpaka mwisho, akachomoza kichwa nje.

"Funga dirisha lako, Krupka!" alisema. "Wanangu wana safari!"

Tilman akauondoa mkono wake kwenye swichi bila kuizima.